Itsukushima, Japani: hekalu la miungu wa bahari kwa macho ya fundi mitumbwi wa Kigoma

Nianze na maksi ili asiye na muda aondoke na jibu lake mapema. Hekalu lenyewe nalipatia tano juu ya tano, feri tano, msosi wa mtaani kule kisiwani tatu, na ule umati wa saa sita mchana ukiweza kuukwepa ukwepe tu. Naandika kwa sababu tangu nirudi kila nikikaa pale mwaloni Kibirizi kusubiri mzigo wa mbao naulizwa maswali yaleyale, eti ni kweli kuna lango linaelea baharini, eti uliingia kwenye mizimu ya Wajapani wakakuruhusu, eti wavuvi wa kule nao wanaomba ziwa, nikajibu kwa mdomo mpaka nikaona bora niandike mara moja kila mtu asome.

Mi ni fundi mitumbwi, mdogo wangu wa kike anasoma Hiroshima na ndo aliyenialika, kwa hiyo msitegemee nikae naongelea pozi la picha, wapo wanaofanya hivyo vizuri. Mi nikifika sehemu naangalia mbao na naangalia maji, na Itsukushima ni mahali pa hivyo viwili, hakuna pengine nimewahi kuona mbao na maji vikiwekwa pamoja kwa akili kiasi kile.

Kwa asiyelijua, ni hekalu la Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, liko kwenye kisiwa ambacho wengi wanakiita Miyajima, mkoa wa Hiroshima, kwenye bahari ya Seto ambayo imezungukwa na ardhi na visiwa vingi, ukisimama ufukweni unaona milima ya ng'ambo, mtu wa Kigoma hutajisikia mgeni. Linaheshimu miungu wa kike watatu wanaoitwa wa Munakata, Ichikishimahime, Tagorihime na Tagitsuhime, walinzi wa bahari na wa watu wanaosafiri majini. Simulizi zao za kale zinasema walizaliwa kwenye upanga wa Susanoo, mungu wa dhoruba, dada yake Amaterasu ambaye ni mungu wa jua aliuvunja vipande vitatu akautafuna akapuliza, wakatoka hao mabinti. Yaani chanzo chao ni dhoruba halafu kazi yao ni kuwavusha watu salama, mi nilipoelezwa hilo nikaona hawa watu walilijua maji kabla ya kulitungia hadithi.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana hiki ndo kinaamua utafurahi au utarudi umenuna. Kabla ya tiketi, kabla ya hoteli, angalia ratiba ya maji. Ziwa letu la Tanganyika halijai na kupwa, ukiliacha asubuhi jioni unalikuta palepale, likipanda linapanda kwa misimu na kwa miaka. Kule bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na upande wa Hiroshima siku za maji makubwa tofauti ya juu na chini inakaribia mita nne. Na hekalu limejengwa hapohapo kwenye ile sehemu bahari inapokuja na kuondoka. Maji yakijaa unaona majengo yote mekundu yamekaa juu ya bahari, korido, ukumbi wa ibada, jukwaa la ngoma, vyote vinajiona kwenye maji chini yake. Yakipwa unaona miguu ya nguzo, tope, mwani, kaa wadogo wanakimbia, na watu wanatembea kwa miguu mpaka kwenye lango. Ni safari mbili tofauti kwa nauli moja. Wenyeji wana kipimo chao, maji yakizidi sentimita 250 ndo lango linaonekana linaelea, yakishuka chini ya sentimita 100 unaweza kulifikia kwa miguu, na ratiba ya mwaka mzima inatolewa na watu wa utalii wa kisiwa unaipata kwenye simu. Sisi tulifika asubuhi maji yako juu tukabaki mpaka yakaondoka, kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita hivi, nawe panga hivyohivyo. Ukienda saa za katikati utaona tope lenye maji ya magoti, si kujaa si kupwa, hapo ndo watu wanarudi wanasema mbona kawaida tu.

Kwa nini wakajenga ndani ya maji wakati ardhi ipo? Maelezo yanayotolewa ni kwamba kisiwa chote chenyewe kilihesabiwa kuwa kitakatifu, mwili wa mungu kabisa, hawakutaka kuchimba udongo wake wala kukata miti yake kuweka jengo, basi wakaenda kujenga pale ambapo si nchi kavu wala si kilindi. Heshima hiyo ilikuwa kali sana zamani, hakuna kuzaliwa wala kufia kisiwani, mjamzito akikaribia siku zake anavushwa ng'ambo, mgonjwa aliyezidiwa naye anavushwa, na makaburi hakuna. Nilimsimulia mama mmoja anayekausha dagaa Katonga akaniambia sasa mwanangu usiku wa upepo mjamzito anavushwaje, na mi swali hilo nimebaki nalo maana ni swali la mtu anayejua maji.

Tuje kwenye sakafu, hapa nitakaa kidogo mnivumilie. Ile korido inazunguka karibu mita 275, unatembea bila viatu hapana, viatu unavaa, ni nje wazi, na chini ya miguu yako ni mbao. Ukiinama utaona mbao hazijabanana, kati ya ubao na ubao wameacha nafasi, na unayaona maji chini. Mtu asiye fundi atasema mbao zimesinyaa. Wameacha makusudi. Bahari ikija na dhoruba, maji yanapanda kutoka chini yanasukuma sakafu, sakafu ingekuwa imezibwa ile nguvu yote ingeinyanyua na kuling'oa jengo zima, ila kwa zile nafasi maji yanapenya, yanapanda juu ya sakafu, nguvu inaishia hapo, halafu yanashuka yenyewe kupitia palepale. Ni akili ya chanja cha dagaa, kinabeba mzigo huku kinapitisha maji. Mi kazi yangu yote ni kuzuia maji yasiingie, nakalafati kwa pamba kila mshono, usiku nalala nawaza mshono gani nimeusahau, halafu nakuta mafundi wa miaka mamia iliyopita waliamua maji yataingia tu kwa hiyo wacha tuyawekee njia. Nilisimama pale mpaka mdogo wangu akaniuliza kaka kuna nini.

Na niseme kwa nini liliniingia. Tumeona wote ziwa lilivyopanda miaka hii, nyumba za mwambao zimeingiliwa, watu wamehama na mageti yao na mabati yao, sehemu tulizokuwa tunaanikia mitumbwi zikawa maji. Kila mtu huku anaongelea ukuta, mifuko ya mchanga, mawe. Sisemi mawe ni mabaya. Ila nimeona kwa macho jengo lililojengwa na watu waliokubali kwamba maji ni mwenye nyumba wa kwanza, na bado limesimama, na ningependa kijana yeyote wa Kigoma anayesoma ujenzi aende akalitazame lile jengo kutoka chini, maji yakiwa yamepwa, siyo kutoka juu.

Halafu wasikudanganye kwamba haliumii. Kimbunga cha 1991 kiliangusha jukwaa la Noh, ile michezo yao ya kale ya kuigiza kwa nyimbo na ngoma, wakalijenga upya, na 2004 kimbunga kingine kikavunja sehemu nyingine. Mpango wenyewe uko hivyo, vile vya pembeni na vya mbele vinachukua kipigo ili ukumbi mkuu wa nyuma upone, na ukumbi mkuu uliopo ni wa 1571, ulijengwa upya na Mori Motonari, mbabe wa vita wa upande ule. Nguzo nazo zinaoza miguu, kwenye maji chumvi kuna mdudu anayetoboa mbao ambaye sisi wa maji baridi Mungu ametuepusha naye, kwa hiyo wanakata sehemu iliyooza chini wanaunga mti mpya, ukitazama nguzo kwa makini unaona kiungo, rangi ya mbao inabadilika, na viungo vimekaa sawasawa kabisa nikapitisha kidole sikuhisi ukingo wowote. Hizo ni kazi za mkono. Mtu anakarabati kitu ambacho babu wa babu yake alikarabati, hana mpango wa kulimaliza, ana mpango wa kuliendeleza.

Lango sasa, maana najua wengi mnalisubiri. Wanaliita torii, liko mbele kabisa kwenye maji, urefu kama mita 16 na nusu, na lililopo ni la 1875. Nguzo mbili kuu ni miti ya mkafuri, magogo mazimamazima hayajachongwa mviringo wa mashine, ukilikaribia unaona mapindo ya mti wenyewe, na mkafuri wanaupenda kwa sababu hauozi upesi na wadudu hawaupendi. Kila nguzo kuu ina vijiguzo viwili vya kuisaidia, kwa hiyo miguu sita. Kinachoshangaza ni kwamba hazijachimbiwa. Zimekaa juu tu, chini kuna msingi wa magogo ya msonobari yaliyopigiliwa kwenye tope, na lango linasimama kwa uzito wake lenyewe. Kule juu kwenye ile mihimili ya mlalo ndani ni sanduku, wamejaza mawe ya ukubwa wa ngumi, kama tani saba, ili kuligandamiza chini mawimbi na vimbunga visiliangushe. Aliyewahi kuweka mawe ya kutulizia mtumbwi mtupu atanielewa mara moja. Kuanzia 2019 mpaka mwisho wa 2022 lilizungushiwa jukwaa la ukarabati, waliokwenda miaka hiyo waliona turubai, sasa liko wazi na rangi mpya.

Maji yakipwa ukalifikia, ombi moja, usichomeke sarafu kwenye nyufa. Wageni walikuwa na mtindo huo, kila mmoja anachomeka yake eti bahati, na mbao zinaumia. Imeshatangazwa watu waache. Nilimwona kijana mmoja mgeni ameshika sarafu anatafuta ufa, mdogo wangu akamweleza kwa adabu akairudisha mfukoni.

Suala la dini, maana hili ndo shemeji yangu wa Ujiji aliniuliza hata kabla ya kuniuliza habari za safari. Mi ni Mwislamu, niliingia, nikatazama, nikatoka, hakuna aliyenilazimisha kitu. Mlangoni kuna maji ya kunawa, wenyewe wananawa mkono wa kushoto, wa kulia, wanasukutua, na wanaoabudu wanainama mara mbili, wanapiga makofi mawili, wanainama mara moja. Mgeni asiyeabudu anasimama pembeni tu kimya anapisha, inatosha kabisa na hakuna anayekutazama vibaya. Nilinawa mikono kwa sababu unadhifu kwangu si ugeni, sala sikufanya. Kitu nilichokipenda ni kwamba watu wanaosali pale hawasali kwa makelele, mzee mmoja aliyevaa kofia ya kazi alipiga makofi yake mawili akasimama muda kidogo akaondoka zake haraka kuwahi feri. Mwenye mashaka ya imani amuulize sheikh wake au mchungaji wake kabla ya kukata tiketi, mi siwezi kumfutia mtu mashaka yake.

Historia fupi maana mdogo wangu atanilaumu nikiiacha. Mapokeo yanasema mahali pale palianzishwa 593, ila sura hii kubwa ya majini ililetwa na Taira no Kiyomori mwaka 1168, mtu aliyekuwa amepewa kutawala jimbo lile la Aki na baadaye akawa mwenye nguvu kuliko wote Japani, na nguvu yake nyingi ilitoka kwenye bahari, kwenye meli na biashara na Wachina. Kwa hiyo lile hekalu ni shukrani ya mtu aliyetajirikia majini. UNESCO wameliweka kwenye urithi wa dunia tangu 1996. Na zamani hukuingia kwa mlango wa pembeni tunaoingilia sisi, ulikuja na chombo ukapita katikati ya lango. Mpaka leo kuna sikukuu inaitwa Kangensai, mwezi wa sita wa kalenda yao ya zamani siku ya 17, usiku, wanafunga vyombo vitatu pamoja vinakuwa kimoja, wanapakia wapiga muziki na kiti cha miungu, wanapita baharini na taa. Kufunga mitumbwi pamoja na taa usiku! Nilipoonyeshwa picha nikasema hawa ni watu wetu kabisa, badala ya wavu wa dagaa wameshusha muziki. Kama una uwezo wa kuchagua tarehe chagua hiyo, mi sikuipata.

Feri inaondokea Miyajimaguchi, dakika kama kumi tu, na kutoka stesheni ya Hiroshima mpaka hapo treni ni kama nusu saa. Nilipokwenda mi nauli ilikuwa yen 200 na kodi ya mgeni yen 100 juu, kuingia hekaluni yen 300, na hizo 300 kwa hesabu ya wakati ule zilikuwa kama elfu tano ya kwetu. Zipo feri za kampuni mbili, ile ya JR, kampuni ya reli, saa za mchana inapinda njia ipite karibu na lango, kaa upande wa kulia ukienda. Kilichonifurahisha kwenye feri ni utulivu wa kupanda na kushuka, watu wanasubiri wanaoshuka waishe ndo wanapanda, hakuna kurukia, maboya yanaonekana, njia haijazibwa na mizigo. Tunaopanda boti za Mwamgongo tunajua kuna siku ingetufaa sana hiyo.

Msosi. Wana chaza wa kuchoma, wakubwa, na wali wa mkunga wa baharini ambao ni mtamu kweli, mkunga amechomwa na mchuzi wa tamutamu juu ya wali. Ila bei ni za kitalii na kuna kibanda kimoja bei niliyodhani ni ya sahani ilikuwa ya chaza mmoja, ulizeni kabla ya kunyoosha kidole. Na kwa wanaojali halali, muulize muuzaji mchuzi una nini maana pombe ya mchele wanaitia kwenye vitu vingi. Vikeki vyao vya umbo la jani vyenye maharage matamu ndani ni vizuri kubebea wazazi, vinakaa. Pia kisiwa kinasifika kwa miiko ya mbao ya wali, mama yangu nilimletea mmoja na tangu hapo ule wa zamani umestaafu.

Paa wanazurura mtaani bila woga, usiwalishe, wamekataza, na ramani au tiketi usiiache inaning'inia mkononi wanakula karatasi. Mwenye watoto awashike.

Nani aende? Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi majini, huyo asijiulize. Mzee wa magoti mabaya naye anaweza, korido ni tambarare na taratibu tu, ila mlima Misen wenye mita 535 aupande kwa gari la kamba, ambalo halifiki kileleni kabisa, au auache, na kutembea kwenye tope maji yakipwa avae viatu visivyo na thamani maana ule utelezi wa mwani hauna huruma. Anayetaka utulivu awahi, wanafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kule, kwa hesabu yetu ya Kiswahili, umati wa mabasi unaingia baadaye, na ukilala kisiwani utalipata lango jioni wageni wa mchana wakiwa wameshaondoka. Mi kama ningerudi ningelala.

Nina ratiba ya maji kwenye simu na mdogo wangu bado yuko kule, ukishapata tarehe zako niandikie nikuangalizie siku gani kujaa kunaangukia asubuhi, na kama wewe ni fundi mwenzangu pita karakana nikuonyeshe picha za vile viungo vya nguzo, nimevipiga vingi kuliko nilivyopiga lango.